Milima Iliyochongwa kwa Ajili ya Pampu: Kisa cha Vichwa vya Mvuke vya Tangi la Tandiko, South Devon 1846–1892

Kwa nini kisa hiki

Mwaka 1848 kampuni ya reli ya South Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ilijikuta na njia mpya iliyojengwa kwa ajili ya nguvu ambayo haikuwepo tena. Milima ilikuwa imeshachongwa, reli zimeshalazwa, abiria wapo, lakini hapakuwa na kichwa cha treni kilichobuniwa kwa miinuko ile. Kilichofuata, yaani vichwa vilivyobeba maji yake kwenye tangi juu ya boila kama tandiko, kinawafaa mafundi, wanafunzi wa uhandisi na kila anayependa reli, kwa sababu hapa tunaona jinsi uamuzi wa mtu mmoja kuhusu udongo unavyoweza kuamuru umbo la mashine kwa nusu karne.

Majina ya madereva, wachochea makaa na mafundi nimeyaondoa. Nimeacha ya wakuu walio katika historia ya umma, ya kampuni na ya vichwa vyenyewe, maana bila hayo kisa hakisomeki.

Usuli

Isambard Kingdom Brunel, mhandisi wa Great Western Railway, hakutaka upana wa reli uliokuwa umeenea kaskazini mwa nchi. Alichagua futi 7 na robo inchi, yaani milimita 2,140, ili magari yatulie kwenye mwendo kasi na mafundi wapate nafasi ya mashine kubwa. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi apime hivi: reli ya mita ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067, SGR ni 1,435. Njia ya Brunel ilikuwa na upana zaidi ya mara mbili ya reli ya mita.

Reli ya South Devon ilikuwa tawi la familia hiyo, ikitoka Exeter hadi Plymouth, mwendo wa kama kilomita 84. Sehemu ya kwanza ni tambarare: inafuata mto Exe, kisha inakumbatia bahari kupitia Dawlish na Teignmouth hadi Newton (leo Newton Abbot). Baada ya Newton mambo hubadilika. Njia inapita kwenye miguu ya nyanda za juu za Dartmoor, na miinuko mitatu inasimama njiani: Dainton, Rattery na Hemerdon. Hemerdon ina 1 kwa 42, yaani treni hupanda mita moja kwa kila mita 42 inazokwenda, na hali hiyo inadumu kwa zaidi ya kilomita tatu. Dainton mahali pengine hufika 1 kwa 36. Kwa reli kuu ya abiria hiyo ni miinuko mikali mno.

Brunel aliikubali kwa makusudi. Aliamini kwamba njia hii haitatumia vichwa vya mvuke kabisa. Bomba la chuma lingelazwa katikati ya reli, na nyumba za pampu kila baada ya kilomita tano hivi zingenyonya hewa kutoka ndani yake. Pistoni iliyofungwa chini ya gari la mbele ingesukumwa na hewa ya nje. Kwa kuwa treni haibebi injini yake, uzito unapungua, na mlima hautishi tena. Mabomba ya inchi 15 yalikusudiwa kwa tambarare, na ya inchi 22 kwa milimani.

Daniel Gooch, aliyekuwa msimamizi wa vichwa vya Great Western tangu 1837 akiwa hajatimiza miaka 21, hakushawishika na mpango huu. Lakini uamuzi haukuwa wake.

Mambo yalivyokwenda

Njia ilifika Teignmouth mwezi Mei 1846, Newton mwishoni mwa mwaka huo, Totnes Julai 1847, na viunga vya Plymouth Mei 1848. Muda wote huo vichwa vya mvuke vya kukodi ndivyo vilivyovuta treni, kwa kuwa pampu hazikuwa tayari. Treni za abiria za bomba zilianza Septemba 1847 kati ya Exeter na Teignmouth, zikafika Newton mwanzoni mwa 1848.

Zilipokwenda, zilikwenda vizuri: laini, bila moshi, bila cheche. Tatizo lilikuwa ufa uliopita juu ya bomba kwa urefu wake wote, ambao mkono wa pistoni ulipitia. Ufa huo ulizibwa kwa kifuniko cha ngozi. Ngozi ilikauka, ikaganda wakati wa baridi, ikaoza na kuchanika. Hewa ikavuja, pampu zikala makaa kuliko ilivyotarajiwa. Mwezi Agosti 1848 Brunel mwenyewe aliwashauri wakurugenzi wasitishe, na mapema Septemba treni ya mwisho ya bomba ilipita. Zaidi ya pauni 400,000 zilikuwa zimekwenda.

Hapa pana jambo linalosahaulika mara nyingi. Huduma ya bomba haikuwahi kuvuka Newton. Kazi ya kujenga nyumba za pampu ilikuwa imeanza ng'ambo ya Newton, lakini hakuna treni ya abiria iliyopanda Dainton kwa hewa hata mara moja. Miinuko iliyokubaliwa kwa ajili ya teknolojia hiyo haikuwahi kuijua.

Sasa Great Western ililazimika kutoa vichwa. Vya kawaida vilikuwa na magurudumu makubwa mawili ya kuvuta na tenda ndefu nyuma, yaani gari la kubebea maji na makaa, vikiwa vimebuniwa kwa tambarare ya London hadi Bristol. Vilipambana na Dainton kwa taabu. Baadhi ya vichwa vya mizigo vya aina ya Leo, vya mwaka 1841 na 1842, viliondolewa tenda na kuvikwa tangi.

Jibu lililokusudiwa lilitoka karakana ya Swindon mwezi Agosti 1849. Kichwa kiliitwa Corsair, na mwenzake Brigand akafuata mwezi uliofuata. Kilikuwa na magurudumu manne madogo mbele yaliyofungwa kwenye kigari chao wenyewe, na magurudumu manne makubwa ya kuvuta nyuma yake. Mpangilio huo huandikwa 4-4-0. Hakikuwa na tenda. Maji yalikaa kwenye tangi lililopinda juu ya boila kama tandiko juu ya mgongo wa punda, na makaa yalikaa karibu na mchochezi wa moto.

Mwaka 1851 kampuni ya South Devon, ikiwa bado inauguza jeraha la pampu, ilikabidhi uvutaji wa treni zake kwa makandarasi, Edward Evans na Charles Geach, chini ya usimamizi wa kiufundi wa Gooch. Wao wangeleta vichwa, kampuni ingewalipa kwa maili. Vichwa kumi na viwili vya abiria vya aina ya Comet vilitengenezwa kwa kufuata mfano wa Corsair, vyenye magurudumu ya kuvuta ya futi 5 na inchi 9 na silinda za inchi 17. Kuanzia 1854 vikaja vya mizigo vya aina ya Tornado, vyenye magurudumu sita yote yakivuta, navyo vina tandiko la maji. Great Western nayo iliagiza vingine kumi na vitatu vya 4-4-0. Vichwa vya South Devon havikuwa na namba, vilijulikana kwa majina tu: Lance, Rocket, Meteor, Aurora, Ostrich. Namba zilikuja baada ya Great Western kuimeza kampuni hiyo tarehe 1 Februari 1876, zikianzia 2096.

Mwaka 1859 reli ya Cornwall ilifunguliwa kutoka Plymouth hadi Truro, na vichwa vya tandiko vikavuka daraja jipya la Brunel pale Saltash kwenda kufanya kazi huko. Siku mbili baada ya kufunguliwa, tarehe 6 Mei, treni ya jioni iliyovutwa na kichwa Elk iliacha reli ilipokaribia daraja la Grove, karibu na St Germans, ikaanguka kwenye tope la hori. Dereva, mchochezi wake na mlinzi wa treni walifariki. Nataja ajali hii kwa heshima yao, na kwa sababu inaonyesha vichwa hivi viliwekwa kwenye mazingira gani: njia mpya, kona kali, madaraja marefu ya mbao, na kazi ambayo haikungoja udongo utulie.

Maamuzi na sababu zake

Kwa nini tangi badala ya tenda? Hapa hesabu inasema wazi. Treni ya tani 100 kwenye mwinuko wa 1 kwa 40 inahitaji mvuto wa tani 2.5 kwa ajili ya mlima pekee, kabla ya msuguano wa ekseli na upepo. Mvuto huo unapatikana pale tu gurudumu linapoishika reli. Reli ikiwa kavu, mtu anaweza kutegemea kama sehemu ya tano ya uzito uliokaa juu ya magurudumu yanayovuta. Ikiwa na umande au chumvi ya bahari, na Dawlish haikosi chumvi, anaweza kubaki na sehemu ya kumi tu. Kichwa chenye tani 20 kwenye magurudumu hayo kina tani 4 za mvuto siku njema, na tani 2 siku mbaya. Siku mbaya treni haipandi. Magurudumu yanazunguka papo hapo, na mchochezi anamwaga mchanga juu ya reli.

Sasa weka tenda ya tani 15 nyuma. Haishiki chochote. Kwenye mwinuko ule ule inadai karibu tani 0.4 za mvuto ili nayo ipande. Ukiiondoa na kuhamishia maji yake juu ya boila, umepunguza mzigo na kuongeza mshiko kwa hatua moja. Kila lita 1,000 za maji ni tani moja inayokandamiza magurudumu pale unapoihitaji. Safari zilikuwa fupi, na maji yalipatikana Newton na Totnes, kila upande wa Dainton, kwa hiyo tangi dogo halikuwa kikwazo.

Na kwa nini juu ya boila badala ya ubavuni? Mashine za Gooch zilikuwa ndani, kati ya magurudumu. Fundi aliyetaka kutia mafuta alihitaji kuinama na kufikia kwa mkono. Tangi la ubavuni lingemfungia mlango, ilhali la juu liliacha chini wazi. Uzito kuwa juu haukutisha sana kwenye upana wa milimita 2,140, kwa sababu msingi wa kichwa ulikuwa mpana mno.

Uamuzi ninaouona kuwa mkubwa kuliko wote ni kigari cha mbele. South Devon haikuwa na milima tu, ilikuwa na kona, maana njia iliyojengwa kwa kubana gharama ilifuata mabonde. Gooch alikitundika kigari cha magurudumu manne chini ya boila kwa kiungo cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe. Kwenye kona kilitangulia kugeuka na kuuongoza mwili wa kichwa, badala ya gurudumu kubwa kugonga reli kwa pembe. Uingereza ya 1849 haikuwa na vichwa vingi vya aina hiyo. Wengi waliamini mpangilio huo ni wa Marekani, kwa reli zao mbovu.

Pia alikumbuka kushuka. Corsair ilipewa breki ya kiatu iliyokandamiza reli yenyewe badala ya gurudumu. Treni iliyopanda Dainton ilikuwa na upande wa pili wa kuteremka, wenye ukali karibu ule ule, wakati ambapo mabehewa hayakuwa na breki inayofanya kazi pamoja kutoka mbele hadi nyuma.

Kuhusu makandarasi sababu ilikuwa fedha. Kampuni iliyopoteza mtaji wake kwenye mabomba haikuweza kununua kundi la vichwa. Kwa kulipa kwa maili iligawa hatari hiyo na watu wengine, na katikati ya miaka ya 1860 ilipojiweza ilivichukua vichwa na kuendesha yenyewe.

Matokeo

Njia ilifanya kazi, na hilo pekee lilikuwa ushindi baada ya 1848. Mpangilio wa Corsair ulizaa vizazi vya 4-4-0 vya tandiko vilivyovuta treni za abiria za South Devon na Cornwall kwa zaidi ya miaka 25. Corsair mwenyewe aliondolewa kazini 1873. Vile vya magurudumu sita vikawa farasi wa mizigo wa magharibi yote.

Upana mkubwa wenyewe ndio uliokufa. Sheria ya 1846 ilikuwa imeshaamua kwamba reli mpya za abiria zifuate upana mdogo wa milimita 1,435 isipokuwa Bunge liseme vingine, na kila mahali reli za upana tofauti zilipokutana mizigo ilihamishwa kwa mikono, shida wanayoijua wanaopakua makontena Kidatu pale TAZARA inapokutana na reli ya mita. Kufikia miaka ya 1880 Great Western ilijua mwisho unakuja, kwa hiyo ilitengeneza vichwa vya tandiko vya kugeuzwa. Fremu zilikuwa mbili kila upande, na magurudumu yalikaa nje yake kwa njia pana, yakisubiri kurudishwa ndani kwa njia nyembamba bila kubadilisha boila wala silinda. Naiona hiyo kuwa kazi nzuri ya mipango, ya watu waliokubali ukweli mapema.

Ijumaa ya tarehe 20 Mei 1892 treni za mwisho za njia pana ziliondoka London. Wafanyakazi zaidi ya 4,000 walishughulikia njia za Devon na Cornwall mwisho wa wiki hiyo, na Jumatatu tarehe 23 huduma ikarudi kwa upana wa 1,435. Vichwa vilivyopitwa vilipangwa Swindon kwenye njia za muda zenye urefu wa zaidi ya kilomita 20, vikisubiri kugeuzwa au kukatwa. Hakuna hata kimoja cha tandiko cha njia pana kilichohifadhiwa. Kichwa pekee cha asili cha njia hiyo kilichobaki Uingereza ni Tiny, kijidudu cha South Devon cha mwaka 1868 chenye boila la wima, ambacho leo kipo Buckfastleigh.

Uchambuzi

Tandiko la maji lilisifiwa, na lilistahili sehemu yake. Lakini ushahidi wa nini hasa kiliibeba kazi ulikuja mwaka 1887 na 1888, chini ya William Dean, mrithi wa baadaye wa kiti cha Gooch. Karakana ya Swindon ilitoa vichwa 40 vya aina ya 3521. Ishirini kati yake vilikuwa vya njia pana, na hivyo vilikuwa na tangi la tandiko. Magurudumu ya kuvuta yalitangulia mbele, na yale madogo yakawekwa nyuma: 0-4-2. Tangi lilibaki, kigari cha kuongoza kikaachwa.

Vilitikisika. Wakaviongezea kigari cha magurudumu manne, lakini nyuma, vikawa 0-4-4. Mwaka 1895, njia ikiwa tayari ni nyembamba, vichwa viwili vya aina hiyo vilivyofungwa pamoja mbele ya treni ya abiria viliacha reli karibu na Doublebois, Cornwall. Baada ya hapo kampuni ilivijenga upya kabisa kama 4-4-0 vya tenda, fremu zikageuzwa, na kigari kilichokuwa nyuma kikawa mbele. Nusu karne baada ya Corsair, kwenye kona zile zile, walirudi kwenye mpangilio wake. Kwangu hilo lamaliza ubishi kuhusu sehemu ipi ya ubunifu wa Gooch ilikuwa ya lazima.

Tangi lenyewe lilikuwa na udhaifu ambao hesabu ya juu inauficha. Uzito unaosaidia mshiko ni maji, na maji yanatumika. Kichwa kinapokaribia kilele, baada ya kazi ngumu kuliko zote, ndipo kinapokuwa chepesi kuliko zote. Dereva aliyeondoka Totnes bila kujaza vizuri alikuwa ameshapoteza sehemu ya mvuto wake kabla hajaiona Rattery. Tena tangi linalokumbatia boila hupasha maji joto, na vifaa vipya vya kusukuma maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke, vilivyoenea kuanzia miaka ya 1860, havifanyi kazi vizuri na maji ya moto. Kiungo cha kigari nacho kilibebwa na boila, hivyo kila kishindo cha njia kilifika kwenye chombo kilichojaa mvuke wa shinikizo. Miundo ya baadaye ilihamishia mzigo huo kwenye fremu, na walifanya vyema.

Makandarasi wanastahili kutajwa kwa wema. Mara nyingi tunasoma kuhusu huduma zilizokabidhiwa nje na kuharibika. Hapa ilifaa, kwa sababu mtu aliyesimamia ubora, Gooch, alikuwa ndiye aliyebuni mashine, na malipo yalitegemea treni kwenda.

Kosa la msingi halikuwa kujaribu bomba. Kampuni nyingine zililijaribu pia, na wazo lilikuwa na mantiki. Kosa lilikuwa kuruhusu jaribio lisilothibitishwa lichonge milima. Pampu ziliondolewa na mabomba yakauzwa, lakini mwinuko wa 1 kwa 36 hauuziki. Great Western ilibadilisha upana wa reli, ikabadilisha vichwa, ikaongeza njia ya pili, lakini Dainton, Rattery na Hemerdon zilibaki. Gooch hakuwa na uwezo wa kuzishusha, aliweza tu kutengeneza kichwa cha kuzikabili, na hata hicho mara nyingi kilihitaji msaidizi. Katika miaka ya 1950, vichwa vikubwa vya mvuke vikiwa katika siku zao za mwisho, treni nzito za likizo za kiangazi zilikuwa bado zikisimama Newton Abbot kuongezewa kichwa cha pili kabla ya kupanda Dainton.